Nta Nyekundu Ndani ya Kinanda cha Baba

Kijiji cha Dongpeizhuang,
Siku ya nne ya mwezi wa kwanza

Kwa kaka yangu Baolin,

Shikamoo, Kaka. Natumaini barua hii itakukuta umekaa karibu na bomba la joto, miguu ndani ya soksi mbili mbili, na kile kikohozi chako kimeona aibu kikaenda zake. Sisi huku tu wazima. Mgongo wangu hulalamika asubuhi tu. Ikifika saa nne umeshachoka kulalamika, unarudi kazini. Mkwe wangu Caixia anakuamkia. Mjukuu wangu Tongtong ameng'oka meno mawili ya mbele, na pengo lake anamwonyesha kila apitaye njiani kana kwamba amelinunua mjini. Msalimie sana wifi yangu. Mwambie ule uyoga mkavu ulifika salama, tukaupika na kuku siku ya mwaka mpya, na hapakubaki hata mchuzi wa kuchovyea.

Najua unajiuliza. Suqiao ana simu, juzi tu tulionana usoni akanionyesha sahani ya maandazi ya jiaozi na shavu lake moja, sasa barua ya nini? Tulia, Kaka. Kuna maneno ambayo kila nikikuona usoni nayameza. Nimeyameza miaka arobaini na sita, sasa tumbo limejaa. Karatasi haina macho, kwa hiyo nitayatoa hapa hapa. Lakini si sasa hivi. Nipe nafasi kwanza nikueleze habari njema, maana nisipozisema nitapasuka.

Habari yenyewe ni hii: dada yako anapuliza sheng. Ndiyo, kinanda chetu kile cha mdomo, chenye mianzi kumi na saba iliyosimama juu ya bakuli lake. Usiikunje barua, tafadhali. Najua hutaki hata kukisikia. Siku tulipomzika Baba, chama cha muziki kilipoanza kupiga uani, ulitoka ukaenda kusimama peke yako katikati ya shamba la ngano hadi walipomaliza. Watu walisema ni uchungu wa kufiwa. Mimi nilijua ni nini, nikainamisha kichwa nikaendelea kugawa chai.

Ilianza hivi. Mwaka juzi, mavuno ya mahindi yalipokwisha, wapiga kinanda wawili wa chama waliondoka kwa mpigo: mmoja aliitwa na Mungu, mwingine aliitwa na mwanawe aende mjini kumlelea mtoto. Vikabaki vinanda viwili. Sasa vinanda viwili nyuma ya zumari la Mzee Qi ni sawa na watu wawili kubeba jeneza. Basi asubuhi moja nikiwa naukanda unga wa mikate ya mvuke, kipaza sauti cha kijiji kikakohoa, na Mzee Qi mwenyewe akatangaza. Alisema chama kina zaidi ya miaka mia mbili, hakijawahi kumtoza mtu hata senti, kimewazika babu zetu wote, na sasa kinataka kufa chenyewe bila mtu wa kukipigia. Alisema yeyote mwenye mapafu mazima na umri chini ya miaka sabini aje, mwanamume au mwanamke. Halafu akarudia: au mwanamke. Halafu akakohoa tena, na tangazo likafuatiwa na lile la chanjo ya nguruwe.

Kaka, sikunawa hata mikono. Nilikwenda na unga hadi kwenye viwiko. Nilipoingia ukumbini, yule mpiga matuazi Luo Sanhe, ambaye unamkumbuka akiwa mtoto wa makamasi na sasa ni mtu mzima wa makamasi, akapiga kelele kwamba Shangazi Suqiao amepotea njia, jikoni ni upande wa pili. Nikamwambia jikoni nimetoka, na nikirudi huko atakula mawe. Watu wakacheka, Mzee Qi akauliza jambo moja tu: kama nilikuwa na habari kwamba nitaimba kabla ya kupiga.

Kanuni ile unaijua kuliko mimi. Msimu mzima wa baridi ni kuimba majina ya sauti, kiganja kikigonga goti, na hakuna kugusa chombo hata kwa ncha ya kidole. Mimi nikajitia ujuaji. Nikasema Mzee, nakaribia miaka sitini, nikingoja msimu mzima badala ya kupiga nitapigiwa. Akanijibu bila hata kutoa kiko mdomoni kwamba basi nitazikwa nikiwa najua wimbo. Sanhe alicheka hadi akaangusha karanga zake zote.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliimba. Kila siku baada ya chakula cha mchana tulikaa tukilizunguka jiko, birika kubwa katikati, maganda ya alizeti hadi kwenye vifundo vya miguu, tukaimba. Nyumbani niliimba nikikanda, nikiimba sawa mkate unaumuka vizuri na nikikosea unalala. Caixia alimpigia mume wake simu kisirisiri akamwambia mama yako anaongea na unga. Tongtong, ambaye hakuna aliyemfundisha, akaushika wimbo wa kwanza siku tatu kabla yangu, akawa ananisahihisha mezani mbele ya wageni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kwanza ningemmeza yeye.

Ukweli wenyewe ni kwamba nyimbo zile nilikuwa nazijua. Nilizijua tangu niko msichana, kwa kukaa chini ya dirisha la ukumbi nikijifanya nachambua maharage wakati Baba na wewe mnaimba ndani. Wakati ule mwanamke kugusa sheng ilikuwa mwiko, hata kuufungua mfuko wake. Kwa hiyo nilikaa na maharage. Nadhani hakuna msichana katika wilaya hii aliyechambua maharage safi kama mimi.

Siku moja katika msimu ule, Mzee Qi alitufundisha kukipasha kinanda joto. Kwamba kwenye baridi pumzi inageuka maji, ndimi za shaba zilizomo ndani zinalowa na kugoma, kwa hiyo kabla ya kupiga unakishika juu ya jiko. Lakini ndimi zile zimeshikiliwa na nta, na nta haina subira. Kiganja kwanza, kinanda baadaye. Mahali ambapo kiganja chako hakiwezi kukaa, hata kinanda hakiwezi. Kisha akainua kidole akasema msifanye ya Baolin.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza Sanhe pembeni. Akasema Shangazi, ni msemo tu wa hapa chamani, tangu yeye hajaanza kunyoa ndevu. Mtu akikiweka chombo karibu na moto anaambiwa usifanye ya Baolin. Akisahau ngoma kwenye mvua, umefanya ya Baolin. Hata mke wake akiunguza uji humwambia hivyo, na mke huyo hata hajui Baolin ni nani. Alisema kwa kucheka, masikini, hakuwa na ubaya. Nilirudi nyumbani siku ile mikate yangu ikatoka migumu, wateja wawili wakairudisha.

Majira ya kuchipua yalipofika, nikapewa kinanda cha chama. Kaka, acha nikuambie aibu zangu, zitakufurahisha. Siku ya kwanza nilipuliza kama ninayewasha jiko, hakikutoa kitu. Nikapuliza tena kwa hasira, mate yakajaa, yakaanza kudondoka chini ya bakuli, tip, tip, juu ya suruali ya Mzee Qi. Sanhe akauliza kama nakipiga au nakinywesha. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia, ambacho lazima kiingie ndani kabisa katikati ya mianzi, kiligoma kutoka, nikatembea nacho hivyo hadi mlangoni nikitafuta mafuta. Nilikuwa nimesahau pia kwamba tundu ukiliacha wazi mwanzi unanyamaza, na ukiliziba ndipo unaimba. Wiki mbili nzima nilipiga wimbo kinyume, kila palipotakiwa sauti nikatoa kimya.

Halafu siku moja katikati ya kuvuta pumzi nilisikia kinanda kinaendelea kuimba. Si kwa kutoa, kwa kuvuta! Hilo nilikuwa nimeambiwa mara mia, kwamba kinaimba pumzi ikitoka na kinaimba pumzi ikiingia, lakini kuambiwa si kusikia. Vidole vitatu vimeziba mianzi mitatu, sauti tatu zimekaa pamoja kama ndugu kwenye kitanda kimoja, navuta ziko, natoa ziko. Nilisahau kusimama. Niliendelea hadi kichwa kikazunguka, nikakaa chini sakafuni, nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Mzee Qi akasema sasa ameanza.

Na nimejifunza kwamba sheng haitangulii. Zumari ndilo linalosema, linalolia, linalojidai. Sisi tuko chini yake tunalishika lisianguke. Zamani nilidhani hiyo ni kazi ya wanyonge. Sasa nikisikia zumari la Mzee Qi, na umri wake ule wa miaka themanini na mbili, linatetereka kidogo juu, na vinanda vinne chini tunalipokea taratibu bila msikilizaji kujua kitu, Kaka, moyo wangu unajaa hadi kooni. Kazi tamu kama ile sijawahi kuifanya maishani, na nimezaa watoto watatu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Niliposema vinanda vinne, nilihesabu na cha Baba.

Unajua kilikuwa sandukuni tangu mwaka ule. Baba alikifunga kwa kitambaa cha buluu akasema kisifunguliwe akiwa hai, na hata baada ya yeye kuondoka nilikiacha. Lakini mwezi wa kumi na mbili, fundi wa vinanda alipokuja kama kawaida ya kila mwaka, alikuwa amejiunga na mwingine, tukawa wapigaji wanne na vinanda vitatu. Nikafikiri Baba ameshalala miaka kumi na mmoja, sasa anaweza kutusamehe. Nikakichukua chini ya kwapa nikakipeleka ukumbini.

Huyu fundi, jina lake Xing, ni kiziwi wa sikio la kushoto, na husema hilo ndilo lililomfanya awe fundi mzuri, maana sikio moja halibishani na jingine. Alikaa dirishani penye mwanga, taa yake ndogo mbele, nta yake, jiwe lake la kijani la kusaga kwa maji, akaanza kuing'oa mianzi ya Baba mmoja mmoja. Sisi tumemzunguka tunatafuna mbegu. Mwanzi wa kwanza ulikuwa na nta nyeusi ya zamani, kazi nzuri. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akauinua kwenye mwanga, akaguna. Nta yake ilikuwa nyekundu. Akaukwangua kwa ukucha, akaunusa, akasema hii ni mishumaa ya madhabahuni, nani kaweka mishumaa kwenye sheng? Wa nne, nyekundu. Wa tano, nyekundu, ulimi umekaa upande kama mlevi. Kisha akafika kwenye ile mianzi mitatu iliyo bubu, ile isiyowekwa ulimi, iliyopo ili mviringo ukamilike tu. Akang'oa mmoja, akatazama, akaanza kucheka hadi machozi yakamtoka. Ndani yake mlikuwa na ulimi. Umegandishwa kwa donge la nta nyekundu lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Fundi akauliza ni daktari gani huyu aliyempa bubu ulimi, na wote wakaangua kicheko, Sanhe akashika mbavu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mguu wa ule mwanzi, mahali unapoingia kwenye bakuli. Ili usilegee ulikuwa umezungushiwa uzi. Uzi wa sufu. Wa kijani.

Kaka, sasa naandika polepole, na nimekunywa maji kwanza.

Siku ile ya mwezi wa kwanza, siku mbili kabla ya sikukuu ya taa, mwaka ambao chama kilikuwa kimefufuka baada ya kimya cha miaka mingi, sheng ya Baba ndiyo pekee iliyokuwa imesalimika kijijini kwa kufichwa kwenye mtungi wa mtama. Kifua cha Baba kilikuwa kimeshaharibika, na wewe ndiye uliyekuwa ukae mahali pake kwa mara ya kwanza. Ulikuwa umemaliza msimu wako wa kuimba. Mchana ule ulikwenda kunyoa nywele. Kinanda ulikiacha juu ya kigoda, mbali na jiko, hatua tano kamili, kama ulivyofundishwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na hapakuwa na mtu nyumbani.

Nilikichukua. Nikakipuliza, na kikaimba. Mara ya kwanza tu, Kaka, kikaimba, ndiyo maana mwaka jana nilikasirika nilipoona naanza upya na kudondosha mate! Nilipiga wimbo wa kwanza nusu, kikalowa, kikagoma. Nikakumbuka Baba hukipasha joto. Basi nikakikalisha juu ya mfuniko wa jiko, juu kabisa, nikaenda kuchungulia mlangoni kama kuna mtu anakuja, na furaha ikanichukua nikaanza kucheza uani kwenye theluji. Niliporudi, nyumba ilinuka nta. Nilikitikisa nikasikia ndimi zinagonga ndani ya bakuli kama dengu.

Na sasa lile ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Sikukimbia mara moja. Nilikirudisha kinanda juu ya kigoda, kisha nikakisogeza kigoda. Nilikisukuma kwa mguu hadi karibu na jiko, ili ionekane wewe ndiye uliyekiacha pale. Baada ya hapo ndipo nikakimbilia kwa shangazi kuchambua maharage.

Jioni Baba alikipuliza mara moja, kikatoa sauti ya paka aliyekanyagwa. Akauliza nani. Ukasema ni wewe uliyekiacha karibu na moto. Akakupiga makofi mawili mbele ya wanachama wote, akasema mkono ulioshindwa kulinda kitu kimoja usiguse kingine. Chama kikatoka siku ya sikukuu bila sheng, zumari linalia peke yake kama yatima. Ulipofika wakati wa kupanda, ulikwenda zako kaskazini kukata miti, na hukurudi kuishi hapa tena. Mimi nilijifariji kwa uongo mmoja maisha yangu yote. Nilijiambia Baolin mwenyewe anaamini ni yeye. Alikikuta kigoda pale, akadhani alisahau. Haumii kwa kuonewa, anaumia kwa kosa lake tu. Tazama jinsi binadamu anavyoweza kujitandikia godoro.

Lakini uzi ule wa kijani ulikuwa wangu. Shangazi alinisukia nywele nao siku ya mwaka mpya, na hapakuwa na mwingine nyumba nzima. Ulinidondoka kwenye jiko na nikautafuta wiki nzima. Kumbe ulikuwa mkononi mwako. Uliingia kabla ya Baba, ukakuta kigoda kimehama, uzi wangu uko chini, ukajua kila kitu. Ukachukua mshumaa wa madhabahuni ukajaribu kunirekebishia, na kwa haraka ukampa bubu ulimi. Kisha ukaufunga uzi kwenye mguu wa mwanzi, ukauficha humo asiuone mtu. Halafu ukasubiri makofi yangu. Ulijua, Kaka! Miaka arobaini na sita unaniletea uyoga, unaniuliza hali ya mgongo wangu, na ulijua.

Nililia pale ukumbini hadi fundi akazima taa yake akidhani moshi umenipata. Mzee Qi akauliza kuna nini. Nikasema yote, Kaka. Nikasema mbele ya watu kumi na wanane, nimesimama, kama nilivyokueleza hapa, pamoja na kile kigoda. Nilijua nitatolewa chamani, nikaanza kukikunja kitambaa cha kinanda.

Mzee Qi aliweka kiko chini. Akasema yeye alikuwepo siku ya makofi yale na hakusema neno, kwa hiyo hana mdomo wa kumhukumu mwingine. Kisha akamgeukia Sanhe akamwambia kuanzia leo msemo umebadilika. Na Sanhe, hana hata subira ya dakika moja, akasema basi Shangazi, chai yako hiyo imekaa ukingoni mwa meza, usifanye ya Suqiao! Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko, mimi nikiwa wa kwanza, makamasi na machozi pamoja. Sasa ndivyo wanavyosema kijiji kizima. Juzi Tongtong alimwaga mchuzi akajiambia mwenyewe amefanya ya Suqiao. Sijawahi kuwa na furaha kama hiyo ya kutukanwa nyumbani kwangu.

Juzi, siku ya pili ya mwaka, tulizunguka kijiji kizima na vinanda vinne, mimi nimebeba cha Baba. Kila mlango ulitoka chai na mbegu na fataki. Mbele ya nyumba yetu ya zamani nilikosea mara mbili, lakini nilikosea kwa sauti nzuri. Vikongwe wawili walisimama wakasema hiyo ndiyo sheng ya Geng mkubwa, yaani Baba, wakaitambua kwa masikio tu.

Baada ya hapo Mzee Qi aliniita pembeni akanituma kwako, nami naandika kama alivyosema. Alisema kiti cha kushoto kwa zumari kilikuwa chako mwaka ule, na baadaye wakamkalisha mwingine asiye mwenyewe. Alisema kanuni ni kanuni, hakuna anayegusa chombo bila kuimba msimu mzima. Lakini Baolin msimu wake alishaumaliza, umeandikwa, na chama hakiwezi kumtoza mtu mmoja misimu miwili. Uje moja kwa moja ukae.

Sikulazimishi, Kaka. Kama hutaki kukisikia tena, ni haki yako, na mimi ndiye niliyekuharibia. Nisamehe. Naliandika neno hilo mara moja tu, kwa sababu nikilirudia nitailowanisha karatasi, lakini lisome mara nyingi.

Kuna jambo dogo limebaki. Fundi Xing alikwangua nta nyekundu yote akaweka yake. Ndimi zote zinaimba sawa. Nilipomzuia asimguse yule bubu, alisema mimi ni mwanamke mkaidi, kisha akamsikiliza kwa lile sikio lake moja, akatoboa tundu la kidole, akamdondoshea tone la nta juu ya yako. Akasema anasema, ana sauti ya kukwaruza kidogo lakini anasema. Kwa hiyo kinanda cha Baba kina sauti moja ambayo hakuna kinanda kingine wilaya nzima kilicho nayo. Hakuna aliyeipuliza tangu fundi aondoke. Mzee Qi ameomba, nimemkatalia. Siku ya pili nilipiga nyimbo zote nikiuruka ule mwanzi.

Halafu mwanzi wenyewe unalegea, unacheza ndani ya bakuli, kwa sababu uzi nimeutoa. Nimeutia humu kwenye bahasha. Usiufue, una nta yako bado.

Sikukuu ya taa ni tarehe kumi na tano, tutaanza kupiga saa tisa alasiri. Kitanda cha matofali nitakiwashia moto chini yake kuanzia tarehe kumi na mbili. Wifi akija naye nitafurahi mara mbili. Wote hapa wanakusalimu, na Sanhe anauliza kama kule kaskazini wana karanga nzuri. Mungu akulinde njiani na akulindie kifua hicho, kitahitajika.

Uje na uzi, Kaka.

Ni mimi dada yako aliyekisogeza kigoda,
Geng Suqiao